Mtoto anakosea ujazo? Soma jibu lake, litakwambia shida iko wapi

Walimu wenzangu, na nyie wazazi mnaokaa na mtoto kwenye homuweki mpaka saa nne usiku, leo naomba tuongee kuhusu ujazo. Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi hapa Tanzania, madarasa ya juu, na kama kuna mada inayoniuma watoto wakiikosa basi ni hii, maana mtoto aliyeukosa ujazo la tano anaenda hivyo hivyo la saba, anaingia fomu wani anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, na hapo ndo anaanza kusema hesabu sio zake. Wakati zilikuwa zake kabisa, ni sisi tuliruka hatua.

Hatua tunayoiruka naijua na nitaitaja mapema: matabaka. Tunaandika ubaoni "Ujazo = urefu × upana × kimo", tunafanya mifano miwili, tunatoa zoezi. Mtoto hajaona kitu kinajaa, hajapanga kipande hata kimoja, anachokiona ni namba tatu zenye alama ya kuzidisha katikati. Kwa hiyo kumbukumbu ikiteleza kidogo tu hana pa kushika.

Ila habari njema ni kwamba jibu la kosa kwenye ujazo halitoki hewani. Mtoto akiandika 26 mahali pa 24, hiyo 26 ina njia iliyopitia, na ukiijua njia unajua pa kumshika mkono. Ukimwekea kosa na kumwandikia kanuni pembeni kwa wino mwekundu unakuwa hujatibu kitu, kesho anarudi na 26 nyingine.

Anza kwa kupima, usianze kwa kufundisha tena

Chora ubaoni boksi lililojengwa kwa vipande vidogo vya mchemraba: urefu vipande 4, upana vipande 3, kimo vipande 2. Uliza jumla kuna vipande vingapi. Usitaje neno ujazo, usiseme zidisha, nyamaza, pita kwenye madawati usome wanachoandika. Jibu ni 24, lakini utakuta haya:

9 – kajumlisha 4 + 3 + 2.
18 – kahesabu vipande anavyoviona tu, vile 6 vilivyojificha nyuma chini kwake havipo.
26 – kahesabu nyuso na sio vipande, juu 12, mbele 8, ubavuni 6.
52 – huyo kaenda mpaka nyuma na chini, kahesabu nyuso za pande zote sita, yaani kapata eneo la nje.
12 au 8 – kaishia kwenye uso mmoja, namba ya tatu hajui aifanyie nini.

Andika pembeni ya kila jina namba aliyoleta. Hao ni watoto watano wenye shida tano tofauti, na kuwaambia wote "rudieni kusoma kanuni" ni kama kuwapa wagonjwa watano dawa moja.

Hapa lazima niweke tahadhari kuhusu namba zenyewe, maana hili limenichelewesha sana. Kuna namba zinazoficha kosa. Nilikuwa napenda mchoro wa 3 kwa 3 kwa 3 kwa sababu unakaa vizuri ubaoni, darasa zima lilikuwa linapata 27 na mimi naondoka nimeridhika, kumbe mtoto anayehesabu nyuso anazoziona naye anapata 9 + 9 + 9, ni 27 ile ile! Vilevile usimpe 1, 2 na 3, maana ukijumlisha ni 6 na ukizidisha ni 6. Usimpe mchemraba wa 6 kwa 6 kwa 6, ujazo ni 216 na eneo la nje nalo ni 216. Na tukija kwenye mche duara (umbo la kopo) usimpe nusukipenyo 2, kwa sababu 2 × 2 na 2 kipeo cha pili vyote ni 4, hutajua kama kaelewa kipeo au kazidisha kwa mbili. Angalia zoezi lako la wiki iliyopita, inawezekana nusu ya vyema ulivyotoa vilitoka kwa bahati.

Anapata 26 au 18

Hawa wanasumbuliwa na mchoro. Sisi tumezoea kuangalia mchoro bapa na kuona kitu kina ndani, mtoto anaona mistari kwenye karatasi. Nakumbuka binti mmoja wa la tano, nilikaa pembeni yake nikamwambia hesabu kwa sauti nisikie. Akawa anagonga kila kiboksi kwa ncha ya penseli, moja, mbili, tatu, na alipofika kwenye kile kipande cha kona ya mbele juu akakigonga mara tatu, juu yake mara moja, mbele mara moja, ubavuni mara moja, na kila akigonga anaongeza moja. Hakuwa mzembe hata kidogo, alihesabu kwa makini kuliko wenzake wote. Tatizo kwake kile kipande kilikuwa vitu vitatu.

Huyu usimpe kanuni. Mpe kitu mkononi. Na kitu rahisi kuliko vyote nilichopata ni mche wa sabuni. Hata jina linasaidia, dukani tunasema "nipe mche wa sabuni" na kwenye hisabati tunasema "mche mstatili", ni umbo lile lile, waambie hivyo uone wanavyotabasamu. Chukua sabuni mpya ambayo bado ni laini (iliyokauka inameguka), kata kwa uzi wa nailoni vipande vya sentimita 2 kila upande, mche wa kilo moja unakutosha makundi mawili ya vipande 36 kama mkono wako umetulia. Ukikosa sabuni, udongo wa mfinyanzi unafaa, viazi vibichi pia vinafaa ila vitumie siku hiyo hiyo. Baada ya kipindi sabuni inaenda kwenye ndoo ya kunawia mikono, hakuna kilichopotea.

Sasa wakae makundi, wapange tabaka moja la chini, vipande 4 kwa 3. Simama hapo, usiwaache wakimbilie juu. Uliza tabaka lina vipande vingapi, 12, waandike. Wapange la pili juu yake. Vingapi? 24. La tatu wasipange, waseme tu kwanza litakuwa ngapi, halafu ndo wapange kuhakikisha. Halafu uliza kama matabaka yangekuwa 10. Utasikia ukimya kidogo, kisha mmoja anaropoka mia na ishirini, na huyo hakufundishwa kuzidisha kimo, kaiona mwenyewe kwamba ni vipande vya tabaka mara idadi ya matabaka. Ukishasikia hivyo ndo uandike kanuni ubaoni, na mimi siku hizi naanza na "eneo la kitako × kimo", hiyo ya urefu upana kimo inafuata yenyewe. Sababu utaiona tukifika kwenye mche duara.

Kabla hawajabomoa, waambie wanyanyue kile kipande cha kona. Ni kimoja, kina nyuso tatu zinazoonekana lakini ni kipande kimoja. Yule binti alikigeuzageuza mkononi muda mrefu kabla hajakirudisha.

Anapata 9, yaani anajumlisha

Mara nyingi huyu kachanganya na mzingo, maana mzingo aliufundishwa karibuni na pale kweli tulikuwa tunajumlisha pande. Lakini kuna sababu nyingine ambayo walimu hatuiongelei, nayo ni lugha yetu. Kiswahili tunasema barabara ndefu na tunasema mti mrefu, kwa hiyo kwa mtoto "urefu" ni kwenda mbele na ni kwenda juu pia. Unampa swali lina urefu, upana na kimo, kichwani kwake ana urefu wa aina mbili na hajui kimo ni kipi. Ongeza na hili, kwamba kile kipimo cha tatu kinabadilisha jina kila swali: boksi lina kimo, tangi na kisima vina kina, ubao na kitabu vina unene. Nimeona mtoto anaacha swali zima la kisima kwa sababu tu "kimo hawajakitaja mwalimu".

Tiba ni kuwasomesha maneno kabla ya namba. Simama mbele, onyesha kwa mikono, kulia kushoto, mbele nyuma, chini juu, halafu taja vitu: kabati, kisima, tofali, kitabu, shimo la choo, na waseme kipimo cha chini juu hapo kinaitwaje. Dakika kumi zinatosha, rudia siku tatu mfululizo.

Na neno lenyewe ujazo lifungueni. Linatoka kwenye kujaa na kujaza. Bibi zetu walipima ujazo bila rula, vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo pishi moja ni vibaba vinne, na tunaposema haba na haba hujaza kibaba tunasema habari ya ujazo kabisa. Leta vikombe na sado darasani, leta mchanga, wajaze na kumimina wakihesabu. Ila sisitiza kitu kimoja, sokoni mama akikupimia anaweka kilima juu, na gunia nalo tunajua lumbesa ilivyo, linajazwa kupita mdomo, hapa darasani tunapima kwa kufuta juu na rula ikae sawa na mdomo wa chombo, wazee wa pwani waliita pishi ya mfuto. Usiposema hilo vipimo vyao havitalingana na hesabu na watasema hesabu inadanganya.

Mtoto aliyejaza kikombe kwa mchanga hawezi tena kujumlisha kirahisi, maana anajua anatafuta kinachoingia ndani, mzingo ni habari ya kuzunguka nje.

Anapata namba kubwa ya ajabu, 240 badala ya 2.4

Swali: tangi lina urefu m 2, upana m 1.5 na kina sm 80, tafuta ujazo wake. Mtoto kazidisha 2 × 1.5 × 80 kapata 240, kaandika m³ bila wasiwasi. Kisababishi kiko wazi, vizio havilingani, na kila mwalimu anajua kusema "badilisha kwanza vizio". Lakini kusema tu hakusaidii kama mtoto hana picha ya mita moja ya ujazo kichwani, kwake 240 na 2.4 ni namba tu.

Kwa hiyo jengeni mita ya ujazo. Fito 12 zilizonyooka, kila moja mita moja kamili, kamba za katani au vipande vya mpira wa baiskeli kwenye kona nane. Isimamisheni nje chini ya mti. Waache waingie, wachuchumae, wahesabu wanaenea wangapi. Hiyo ndo mita moja ya ujazo, sasa niambie tangi la ujirani linaweza kuwa na 240 za hivi? Wanacheka wenyewe. Jibu sahihi ni 2 × 1.5 × 0.8 ambayo ni 2.4, yaani hizo fremu mbili na kidogo chini ya nusu, na hilo linaingia akilini.

Fremu hiyo hiyo inatibu ugonjwa mwingine mkubwa sana, mtoto anayeandika 1 m³ = 100 sm³ kwa sababu 1 m = sm 100. Wakalishe mbele ya fremu, waulize kwenye ufito mmoja wa chini vipande vya sentimita moja vinaenea vingapi, 100. Safu ngapi mpaka upande wa pili? 100. Kwa hiyo sakafu tu imekula 100 × 100, ni 10,000, na hapo hatujapanda hata sentimita ya pili. Matabaka mangapi mpaka juu? 100 tena. 1,000,000. Milioni moja ndani ya kitu walichochuchumaa sasa hivi. Watasahau mengi ila hili nadra.

Halafu tengeneza boksi la manila lisilo na kifuniko, sm 10 kila upande, hilo ni sm³ 1,000 na ndiyo lita moja. Ndani ya fremu yanaingia 10 kwa 10 kwa 10, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ndoo za lita 20 ni 50. Na ile yuniti moja kwenye bili ya maji ni mita moja ya ujazo, ndoo hamsini hizo hizo, watume wakasome bili au mita ya nyumbani waje na namba. Kwenye lile tangi letu la 2.4, lita ni 2,400 na ndoo ni 120.

Ukiwa na vile vipande vya sabuni maliza na hili pia haraka: mchemraba wa 1 ukiongeza kila upande mara mbili, je vipande vinakuwa 2? Wapange. Ni 8.

Na wale wanaoandika sm² au sm tupu kwenye jibu, hao wengi wao ni mazoea tu. Waulize "umehesabu vijiti, vigae au vipande vya sabuni?" Vijiti ni sm, vigae ni sm², vipande ni sm³. Kwangu hiyo imefanya kazi kuliko kuwakata maksi.

Mche duara: 6160, 440 na 154

Swali la kupimia hapa: kopo lina kipenyo sm 14 na kimo sm 10, tumia pai 22/7. Jibu ni sm³ 1,540. Angalia walichokuletea.

Ukiona 6,160, hiyo ni mara nne ya jibu, katumia kipenyo chote 14 mahali pa nusukipenyo 7. Kila ukiona mara nne kamili usitafute sababu nyingine.

Ukiona 154 kaishia kwenye kitako, yaani kapata tabaka moja akasahau kupanda. Huyu yuko karibu sana, mkumbushe sabuni.

Ukiona 440 hapo subiri, kuna njia mbili zinazofika hapo. Mmoja kasoma 7² kama 7 × 2, akapata 14. Mwingine kachukua kanuni ya mzingo wa duara akaizidisha kwa kimo, huyo kapata eneo la ukuta wa kopo. Namba ni moja, ugonjwa tofauti. Muulize tu 7 kipeo cha pili ni ngapi. Akisema 14, shida yake haipo kwenye mche duara kabisa, rudi naye kwenye vipeo. Akisema 49, basi kachanganya kanuni mbili za duara.

Tiba ninayoiamini kwa wote hawa ni daftari la viboksi. Chora duara lenye nusukipenyo viboksi 7, kisha lizungushie mraba unaogusa duara pande zote nne, mraba huo ni 14 kwa 14, viboksi 196. Ugawe mraba vipande vinne, kila kimoja 7 kwa 7, viboksi 49. Sasa duara limechukua vipande vingapi kati ya vinne? Wahesabu viboksi, vilivyokatwa waviunganishe nusu kwa nusu, watapata karibu 154, na 154 ni hizo 49 mara tatu na kidogo. Hiyo tatu na kidogo ndo pai! Kwa mara ya kwanza pai inakuwa na maana, sio 22/7 iliyoshuka kutoka mbinguni, na nusukipenyo kipeo cha pili inakuwa ule mraba mdogo anaoweza kuupaka rangi. Na yule wa 6,160 mwoneshe tabaka lake moja lingekuwa 616, wakati mraba mzima unaolibeba duara una 196 tu.

Baada ya hapo hakikisheni kwa maji. Kopo lolote, wapime kipenyo kwa ndani (rula isogezwe mpaka ipatikane sehemu pana kuliko zote), wapige hesabu, halafu wajaze maji kwa chupa ya nusu lita. Angalizo kwa mwalimu, chupa ya nusu lita ukiijaza mpaka mdomoni inazidi mililita 500, weka alama ya kalamu pale maji yalipoishia ikiwa bado haijafunguliwa, la sivyo jaribio litakuaibisha mbele ya watoto na kosa sio lako.

Anaamini chombo kirefu ndo kinabeba kingi

Hili halionekani kwenye daftari, linaonekana ukimuuliza mdomo. Chukua karatasi mbili za A4. Moja ikunje kuwa bomba refu jembamba, nyingine bomba fupi nene, gundi kingo zikutane bila kupandana. Piga kura: lipi linabeba mchele mwingi? Wengi watasema refu. Wachache, na mara nyingi ndio wale wanaofikiri sana, watasema sawa kwa sababu karatasi ni ile ile, na hao wasikilize vizuri maana wana hoja, eneo la karatasi kweli ni lile lile.

Simamisha bomba refu ndani ya lile fupi, kwenye sinia, jaza refu mpaka juu, halafu livute taratibu. Mchele unashuka, unatulia ndani ya fupi, na fupi halijai. Ukipiga hesabu refu lina karibu sm³ 1,040 na fupi karibu 1,470. Kwa la saba unaweza kueleza kwa nini, unene unaingia kwenye hesabu mara mbili na kimo kinaingia mara moja tu, kwa la tano waache tu washangae, mshangao huo unatosha kwa siku hiyo.

Swali la kurudi nyuma

Ujazo ni sm³ 360, urefu sm 12, upana sm 6, tafuta kimo. Mtoto anazidisha zote, anapata 25,920. Kaona namba tatu, na sisi tulimzoesha namba tatu zizidishwe. Usimfundishe kanuni mpya ya kugawanya, hana haja nayo, muulize tabaka moja hapa lina vipande vingapi, 72, na matabaka mangapi yatafika 360. Matano. Kwisha.

Jiwe ndani ya maji

Chombo cha mstatili, kitako sm 20 kwa sm 15, maji yamefika sm 8, ukiweka jiwe yanafika sm 10, tafuta ujazo wa jiwe. Kosa la kawaida ni 20 × 15 × 10 = 3,000. Kapata maji pamoja na jiwe. Jiwe limesukuma maji yapande matabaka mawili tu, 300 na 300, ni sm³ 600. Hili fanyeni kwa vitendo, chombo kiwe cha kuona ndani, alama mbili za kalamu, kabla na baada. Jiwe lizame lote, na maji yasimwagike hata tone, hayo mawili ndo yanayoharibu jaribio kila mara.

Anapata zote, na bado una wasiwasi naye

Wapo. Daftari limejaa vyema, ila ukibadilisha swali kidogo anapotea. Kumjua ni rahisi, mpe namba moja ya ziada. Tangi lina urefu m 3, upana m 2, kimo m 2, na maji yamefika kimo cha m 1.5, tafuta ujazo wa maji. Anayezidisha kila anachokiona atakuletea 18, anayechukua tatu za mwanzo atakuletea 12. Anayeona matabaka atakuuliza au atajiuliza yameishia wapi, na ataleta 9.

Yule binti wa penseli nilikuja kumpima kwa swali kama hili akiwa la sita, ila sikumpa namba. Shuleni tulikuwa na tangi la saruji la mraba, mita 2 kwa mita 2 kwa ndani, nikamwambia niambie maji yaliyobaki yatatosha ndoo ngapi za lita 20. Alizunguka tangi mara moja, akaenda kwenye fito zetu zile za mita ya ujazo akafungua moja, akaizamisha mpaka ikagota chini, akaitoa, akaweka kidole pale ulowevu ulipoishia na kupima kwa rula kutoka chini. Sentimita 64. Akachuchumaa akaandika kwenye mchanga kwa kijiti, 2 × 2 × 0.64, akapata 2.56, chini yake akaandika lita 2,560, akakaa kimya kidogo, halafu akaongeza: ndoo 128.